Mtani Aliyekula Pete za Giaboksi

Inshallah zipo mbili. Ipo ya mtu aliyekwisha kufunga kibwebwe, amebakiza rehema ya Mungu tu, na ipo ya mtu anayetaka umwondokee mbele yake. Siku washenga walipokuja kwetu Mtoni kupanga harusi ya kitinda mimba wangu, mume wangu alitoa ile ya pili. Mie nilikuwa nyuma ya pazia, nikaisikia vizuri kabisa.

Mie ndiye niliyeanzisha. Wanaume walikuwa wanaulizana bibi harusi atafikaje Pugu kwa mumewe, nikapaza sauti kule kule ndani: "Atapelekwa na baba yake! Kwa gari lile lile lililowapeleka dada zake!" Wanawake wakapiga vigelegele. Huko barazani nikamsikia mume wangu anakohoa, anasema, "Inshallah." Hee! Huyo bwana tangu anioe ukimtajia gari anatoa kifua mbele. Leo harusi ya binti yake inamtoa inshallah ya kukohoa? Nikajua kuna jambo, na jambo lenyewe sikulijua.

Gari lilikuwa limelala uani kwetu, dogo la milango minne, rangi ya malai, gia za mkono na liva yake ndefu inayotetemeka. Mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, na alipostaafu hakutaka aitwe mzee wala babu, alitaka aitwe dereva. Mabinti wakubwa wote aliwatoa nyumbani mwenyewe kwa gari lile, kavaa kanzu na kofia, anakwenda taratibu ili majirani waone. Kisha siku moja injini ikachemsha njiani mpaka ikapasuka, gari likarudi nyumbani kwa kuvutwa na kamba, kuku wakahamia siti ya nyuma. Na sasa imeshasemwa mbele ya washenga. Siku ifike binti aondoke kwa gari la kukodi, maneno ya watu wa Mtoni nyie mnayajua? Watasema dereva kaishiwa. Jina lake lote lilikuwa kwenye usukani ule, na mie sikuwa tayari kuliona linaanguka.

Basi nikalivalia njuga. Yeye akasema, "Liache, mke wangu, limechoka." Nikamwambia limechoka injini, halijachoka gari. Nikatafuta watu wakalivuta mpaka Mbagala, kwa fundi mmoja ambaye jirani yangu alimsifia sana, na kusifiwa kwenyewe kulinitia shaka. Fundi wa magari akisifiwa sana jijini Dar es Salaam, jiulize anayemsifia kapewa nini.

Injini tulipata ya mtumba, ya gari la karibuni zaidi, ina nguvu zake. Giaboksi ikabidi ibaki ile ile ya zamani, maana ndiyo iliyokaa sawa na tundu la liva na shafti inayokwenda magurudumu ya nyuma. Fundi akampelekea mkereza vyuma vipimo, akachongewa bamba nene la kuunganisha injini ngeni na giaboksi kongwe. Akaniambia, "Mama, hii ndoa ya bibi na kijana. Bibi lazima tumfungue tumkague kwanza, asije akavunjwa kiuno."

Nilicheka, na nilikuwa na haki ya kucheka, maana huyo fundi alikuwa Mnyamwezi na sie ni Wazaramo. Mtani. Siku ya kwanza nilipomtajia kwetu alitupa spana chini akashika kichwa: "Nimekwisha! Mzaramo! Gari hili nikilitengeneza mtaliuza mkachezee ngoma!" Nikamwambia, "Kelele, mbeba mizigo we! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka vichwa vikawa bapa, ndiyo maana huelewi ukiambiwa!" Vijana wa gereji wakashangilia. Tangu hapo nikifika ananiambia shikamoo kwa adabu zote, anapokea marahaba, kisha ananitukana.

Lakini mtani ni mtu wa hatari katika biashara. Fundi wa kawaida ukimkamata na uongo unamshika shati. Mtani utamshika wapi? Hashtakiwi, hanuniwi. Akikuchukulia kuku unacheka. Akija msibani kwako akaingia kaburini akagoma kutoka, unampa kitu, mnacheka huku mnalia. Sasa mtu kama huyo unamwachia vyuma vyako vya asili, ambavyo dukani havipo tena, anakuambia nitakuibia, unacheka, naye anakuibia kweli. Mie nilisema hapana, hapa sitoki.

Nikawa nashinda pale. Nilibeba ukili wangu, nikakaa kwenye benchi kando ya uzio wa mabati, nasuka mkeka, jicho kwa fundi. Na kabla giaboksi haijafunguliwa nilimwibia binti yangu rangi ya kucha, ile nyekundu ya kung'aa. Kila chuma kilichotoka nilikidondoshea tone mahali pa siri. Fundi akaniona. "Mama, unawapaka wanja hawa?" Nikamwambia, "Nawatia alama, kama ng'ombe wa kwenu." Akacheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka sana, kwa sababu yule jamaa alikuwa na mikono myepesi mno, kitu unakiona kiganjani mwake halafu hukioni.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alitandika gunia safi, na kila alichokitoa ndani ya giaboksi alikilaza kwenye gunia kwa mpangilio kilivyotoka, kutoka mdomoni mpaka mkiani: beringi, gia, uma zake, shafti, na katikati ya gia na gia zile pete za shaba. Hizo pete ndizo zinazozituliza gia mbili zikutane bila kugombana. Zikiisha, ukibadilisha gia gari linapiga ukelele, krrrr, barabara nzima inageuka kukutazama. Alichukua moja akaibana juu ya gia yake, ikazama yote. "Imekwisha," akasema. "Nzima ingebakiza nafasi hapa katikati, hata ukucha unapita. Mama, gari lako linataka kuolewa na halina pete."

Pete zikatafutwa mji mzima. Wauza spea walituambia gari hilo limeshasahauliwa. Mwishowe mzee mmoja muuza vyuma chakavu wa Tandika akatoa seti nzima kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, imepakwa grisi, haijaguswa. Akasema hana nyingine na hajui kama mjini ipo nyingine. Nilizibeba mwenyewe mpaka Mbagala, nimezifunga kwenye pindo la khanga. Nikazitia rangi ya kucha zote, nikamkabidhi fundi mbele ya watu.

Siku hiyo hiyo mume wangu akaja gereji kwa bodaboda, kwa mara ya kwanza. Nilishangaa. Alikaa kwenye benchi langu akaomba aletewe vyuma, akawa anavishika kimoja kimoja, anavipapasa kwa vidole pole pole, uso ameuinua juu hata havitazami. Nikasema moyoni, tazama maringo ya dereva mkongwe, anakagua kwa vidole. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaenda kuswali nyumba ya jirani. Niliporudi mzee ameshaondoka, na fundi amekaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Kesho yake nilipofika hakunitukana. Nikatazama gunia: gia zipo, beringi zipo, pete za shaba hazipo.

"Pete zangu ziko wapi?"

"Nimezila."

"Sina mchezo leo."

"Nimezila na ugali, mama. Zilikuwa na chumvi kidogo."

Jamani! Niliruka pale nikamshika ovaroli kifuani, nikamwita kila jina analostahili mwizi. Nikapekua masanduku ya spana, nikamwaga ndoo ya petroli waliyooshea vyuma, nikainua hata mkeka wa kuswalia. Vijana wakanipisha, hakuna aliyenizuia. Yeye amesimama tu mikono nyuma, ananitazama kwa uso ambao sikuuelewa. Haukuwa uso wa mwizi wala haukuwa uso wa mtu anayetania. Kisha akasema, kwa sauti ya mzaha lakini bila kucheka: "Mama, mwizi wako unampikia uji kila asubuhi."

Nikamwambia, "Na wewe mamako anakupikia nini, sumu?" Nikatoka moja kwa moja kwa mjumbe.

Mjumbe wa shina alikuwa anakula. Nikamweleza yote, povu linanitoka. Akaniuliza, "Huyo fundi kabila gani?" Mnyamwezi. "Na wewe?" Mzaramo. Akaweka kijiko chini akacheka mpaka akapaliwa. "Mama, unaniletea kesi ya mtani? Nikiiandika hii watu watanifukuza ujumbe. Nendeni mkamalizane wenyewe." Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamsimulia mume wangu, nikitegemea atachukua fimbo yake aende kumtoa yule bwana roho. Alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Mtani huyo. Usimsumbue." Akaweka kikombe pembeni ya meza, si juu ya meza, pembeni, kikaanguka kikavunjika.

Sasa nikaanza kuhesabu yangu. Dereva gani anaibiwa gia hakasiriki? Na si hilo tu. Alikuwaga mtu wa kusoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, sasa gazeti linafunguliwa linafungwa. Nikivaa nguo mpya haoni. Nikimwonyesha kitu kwa kidole anaitikia kabla hajatazama. Kila siku baada ya alasiri anasema anakwenda kuzungumza na wenzake, anarudi amechelewa, viatu vina vumbi upande mmoja kana kwamba kakwaruza ukuta. Mwanamke yeyote aliyeolewa anajua dalili hizo. Nikasema, mwenzangu kaoa.

Ijumaa akaniomba nimpigie pasi kanzu yake. Niliposhika mfuko nikahisi uzito. Nikatia mkono, nikatoa kitambaa cha pua kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo pete za shaba, seti nzima, kila moja na tone la rangi nyekundu. Pasi niliisahau juu ya ubao mpaka nikanusa kuungua.

Nilikaa kitandani, pete mkononi. Kumbe mtani alisema kweli mbele yangu, mchana kweupe, na mie nikamtukania mama! Lakini bado sikuelewa. Kwa nini mtu aibe kitu chake? Nikajijibu mwenyewe: anataka gari lisitembee ili pesa za harusi zibaki, ampelekee huyo mke mdogo. Au amemwahidi huyo mke gari lenyewe. Hasira zilinipanda mpaka meno yakagongana. Nikafunga fundo kama lilivyokuwa, nikarudisha mfukoni, nikamkabidhi kanzu huku natabasamu. Tabasamu lile ningeliona kwa mwanamke mwingine ningekimbia.

Siku iliyofuata, alipoaga kwenda kwa wenzake, nilijitanda baibui la binti yangu nikamfuata kwa nyuma. Nilijiandaa kwa kila kitu. Niliandaa hata maneno ya kumwambia huyo mwanamke, maneno mazuri, bado nayakumbuka na siku moja nitapata wa kumwambia.

Alitembea akiambaa kuta. Mkono wa kushoto ulikuwa unagusa ukuta wa kila nyumba, bega linasugua, na pale ukuta ulipoishia alisimama kwanza kabla hajanyanyua mguu. Nilidhani anajificha. Tukafika Barabara ya Kilwa. Magari yanapita, pikipiki zinapita, basi la mwendokasi linapita katikati, na mume wangu, dereva wa malori maisha yake yote, amesimama kando ya lami anashindwa kuvuka. Alisimama sana. Kisha mama mmoja muuza mihogo akapita karibu yake na sinia lake kichwani, mzee akanyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akalipata pindo la khanga yake. Akamwambia kitu. Yule mama akamshika kiwiko, akamvusha kama anavyovushwa mtoto wa madrasa, wala hakushangaa. Alikuwa ameshazoea kumvusha.

Ng'ambo kulikuwa na benchi nje ya msikiti. Akakaa peke yake. Hapakuwa na wenzake, hapakuwa na mwanamke. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akainua uso kutazama barabara. Akalifungua, akaziba la pili. Akarudia. Alikuwa anajipima, jamani, anapima kila siku kama kuna kilichobaki. Nilijikunja nyuma ya kibanda cha chipsi nikauma baibui lile mpaka likatoboka.

Nilitaka nivuke nimkumbatie. Nilitaka pia nimpige. Nikarudi nyumbani kabla yake, na aliporudi nikamwuliza wenzako hawajambo, akasema hawajambo, wanakusalimu.

Asubuhi nilikuwa Mbagala. Fundi akanipokea, "Shikamoo. Umekuja kunimalizia damu iliyobaki?" Nikamwambia, "Leo utani tuuvue tuuweke pale kwenye jeki. Niambie."

Akafuta mikono kwa kitambaa taratibu. Akasema siku ile mzee alizitia pete mfukoni mbele yake, hakujificha. Alimwambia kwamba hospitali wamemkuta na presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa ni ya kulinda kidogo kilichobaki tu. Alimwambia, mke wangu ameshanitangaza mbele ya washenga, gari likipona nitapanda na nitaua watu, na nikikataa kupanda nitaulizwa kwa nini. Bora gari lisipone. Kisha akamwapisha asimwambie mtu yeyote, na hasa mie.

"Sasa mbona ulinionyesha?"

"Aliniapisha fundi," akasema. "Mtani hakumwapisha."

Sikumwomba radhi. Mtani haombwi radhi, ukimwomba unamtukana. Nilikaa kwenye benchi, nikasuka ukili mkono mzima, naye akarudi chini ya gari la mtu mwingine. Nikawaza: nikisema najua, mzee atakuwa kipofu kuanzia leo, mbele ya wakwe, mbele ya mtaa, wiki ya harusi ya binti yake. Nikinyamaza na gari likapona, atakaa kwenye usukani, maana namjua, atakaa tu, na binti yangu nyuma na maua yake. Njia ilikuwa moja.

Nikamwita. "We mbeba mizigo. Endelea kuwa mwizi."

Alitoa kichwa chini ya gari. Alinitazama, akaelewa. "Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuambia."

"Basi mnipigie kelele vizuri," akasema, "nisije nikaonekana mwizi mdogo."

Nilimpigia kelele, wallahi. Kuanzia bomba la maji mpaka sokoni, Mtoni yote ilijua kwamba Mnyamwezi mmoja wa Mbagala amekula pete za gari la harusi na mjini hakuna nyingine. Watu walicheka kuliko walivyohurumia. Hakuna aliyesema dereva kaishiwa. Walisema watani wamewaweza. Wakwe walipoletewa habari wakacheka na wao, wakasema basi tutakodi. Mume wangu alisikiliza yote hayo kwenye kiti chake, kafumba macho, na mie sikujua kama analala au anasikiliza nani anajua nini. Sasa tukawa wawili tunaodanganyana nyumba moja, kila mmoja anamchunga mwenzie. Nikiinuka anageuza sikio. Akiinuka nahamisha vigoda njiani bila kelele, kisha najifanya nafagia.

Siku ya nikahi ukumbi wetu ulijaa wanaume kwenye mikeka, sie wanawake chumbani, nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Sheikh alitaka amwozeshe binti yeye, kwa niaba ya baba, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Mume wangu akakataa. "Wote nimewaoza kwa mkono wangu," akasema. Nikaogopa, maana kumwoza kwa mkono wake maana yake anyooshe mkono akutane na mkono wa bwana harusi, na yule kijana alikuwa amekaa upande wenye kiza, kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe.

Hotuba ikaisha. Sheikh akasema, shikaneni mikono. Mume wangu akanyoosha mkono. Ukaenda pembeni. Ukapita bega la kijana ukabaki hewani, vidole vimekunjuka, vinasubiri. Kijana kwa woga wa mkwe hakuthubutu kusogea, akadhani ni mila yetu. Sheikh akanyanyua uso. Mtu mmoja akaanza kumgeukia mwenzake. Nikipaza sauti wote watajua, na mwanamke hawezi kukimbilia pale.

Ndipo mlangoni pakatokea vurugu. "Haoi mtu hapa!" Fundi, na suruali ya gereji, bila kofia, anaruka magoti ya watu. "Mnamwoza Mzaramo watani hatujapewa chetu? Kwanza bwana harusi mwenyewe anatetemeka, mkimwachia huyu anakimbia!" Watu wakaangua kicheko, wengine wanamsukuma atoke, na katikati ya msukosuko ule akamdaka kijana kiganja, akakipeleka, akakibandika ndani ya mkono wa mume wangu, akavifunga vidole vyao pamoja kwa mikono yake miwili ya grisi. "Mshike, mzee! Mshike kweli kweli! Mie pete nimeshakula, huyu sitamla!" Ukumbi mzima unacheka, na mume wangu akabana mkono ule, akasema maneno yake yote bila kukosea hata moja, kwa sauti ile ya zamani ya kuita utingo.

Vigelegele vikapigwa. Mie sikuweza kupiga. Nilimtolea kichwa yule bwana kwenye pazia nikamwita mwizi, mbwa, mla panya, machozi yananibubujika mpaka dada yangu akauliza kulikoni, nikamwambia ni furaha.

Jioni binti alipokwisha kuondoka na gari la kukodi, watu wakapungua, mume wangu akaja mlangoni mwa chumba akasimama ameshika mwimo. Aliita jina langu kwa sauti ya chini. Nikaitika.

"Nani alinishikisha mkono wa yule kijana?"

"Mtani."

"Kwa hiyo amekuambia."

"Hakuniambia. Nimekuona mwenyewe barabarani."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa chenye fundo, akakinyoosha kuelekea nilipo, na hakukosea sana. Nilikipokea. "Kampe afunge," akasema. "Apatikane mtu wa kuliendesha, mie nitakaa pembeni." Nikakifunga kwenye pindo la khanga. Akangoja, kisha akasema, kama anayezungumzia jambo dogo la nyumbani, "Sasa nishike mkono, mke wangu, nataka kwenda uani."